Mlilie Uhuru Kwanza

Kila ninapofundisha Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, nikifika kwa kitoto Uhuru mikono hupanda juu kabla sijamaliza swali. "Ni ishara ya uhuru wa Afrika, mwalimu!" Jibu si baya. Ila nikiuliza kitoto hicho kiliachwa wapi, nani alikilea na kilifia wapi, darasa hunyamaza. Wamelipata jibu kwenye mwongozo na mtoto mwenyewe hawajamwona.

Wewe unayeanza kuhakiki riwaya za mafumbo, zile zinazosimulia jambo moja na kumaanisha jingine pia, anzia hapo: kwa mtoto. Kinaachwa nje ya kibanda cha Amani, kijana anayechunga ng'ombe wa Mtemi. Amani si babake. Yeye na Imani, maskini wawili, ndio wanaokihangaikia. Aliyekizaa ni Mtemi mwenyewe, na Mtemi anaitwa Nasaba Bora. Kitoto kinaugua, kinapelekwa kutibiwa, na kinakufa kwa sababu wanaolipwa kuhudumia wagonjwa hawakujali. Yashike hayo yote mkononi, kisha ndipo useme "ishara". Utaona kwamba huna tena sentensi moja ya kukariri. Unayo hoja: uhuru umetupwa na aliyeuzaa, umepokewa na asiye na kitu, ukafia mikononi mwa waliokabidhiwa kuutunza. Hoja hiyo haikutoka nje ya kitabu, imetoka kwenye kile kibanda. Asiyemlilia yule mtoto hawezi kuifikia.

Mimi mwenyewe nilifunzwa hili kwa wino mwekundu. Mwaka wa kwanza chuoni niliandika insha juu ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Nilichora jedwali la safu mbili: nchi ya Kusadikika ni Tanganyika, Karama anayeshtakiwa barazani ni mwandishi, waziri Majivuno anayemshtaki ni mkoloni. Nilidhani nimelifumbua fumbo lote. Mhadhiri aliandika swali moja tu pembeni: "Wapi tumeambiwa Majivuno ni mgeni?"

Nilirudi kitabuni nikakisoma upya kwa siku mbili. Kweli, Majivuno ni Msadikika, na Karama anayeteswa naye ni Msadikika mwenzake. Kosa la Karama ni kutaka watu wafunzwe sheria. Na mwisho mfalme anamwachilia huru pamoja na wajumbe waliokuwa kifungoni. Jedwali langu halikuwa na mahali pa kuyaweka hayo.

Sisemi kwamba historia haina kazi. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali hiyohiyo. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nchi ya hadithi imewekwa huko angani, mbali na ramani ya mtu yeyote. Lakini mwandishi mwenye kipaji hafichi jina moja tu nyuma ya jingine. Tazama jinsi Karama anavyojitetea: anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, wakalipwa kifungo. Karama analifanyia baraza kile ambacho Shaaban Robert anatufanyia sisi. Hapo ndipo fumbo lilipo, katika mwendo mzima wa hadithi, na jedwali haliwezi kulibeba.

Yapo mafumbo yanayolingana na historia karibu hatua kwa hatua. Katika Animal Farm, riwaya ya George Orwell ya 1945, nguruwe Napoleon ni Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, na Snowball ni Trotsky, mpinzani wake aliyefukuzwa. Hata hivyo Fortunatus Kawegere alipoileta kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, msomaji asiyepata kusikia jina la Trotsky bado angeweza kuumia kwa ajili ya yule farasi mchapakazi anayeuzwa akachinjwe.

Majina nayo uyasikilize. Katama Mkangi aliita riwaya yake ya 1995 Walenisi. Itamke polepole: wale-ni-sisi. Nimewahi kumwona mwanafunzi akilitamka hivyo midomoni, akasita, kisha akafunga kitabu na kuliangalia jalada upya. Tangu hapo hakuisoma tena kama habari za watu wa mbali.

Utajuaje kama kitu ni ishara? Mimi natumia penseli. Kila kitu hicho kinapojitokeza nakitia alama. Kikirudi tena na tena, au kikasimama mahali hadithi inapogeuka, au msimulizi akakizungukia muda mrefu kuliko inavyohitajika, basi nakifuata. Mvua ikinyesha mara moja tu na watu wakajikinga barazani, hiyo ni mvua. Iache inyeshe. (Nagona na Mzingile, riwaya ngumu za Kezilahabi, ziache kwanza, utazirudia ukiwa umezoea kukaa na jambo usilolielewa.)

Kwa wiki hii, fungua Kidagaa mahali Uhuru anapookotwa mlangoni. Andika ukurasa mmoja wa kinachotokea: nani yupo, nani hayupo, nani anafanya nini. Neno "ishara" lisitokee hata mara moja. Ukurasa huo ukikamilika, tutakaa tuzungumze.