Kuku kararuliwa na ngawa: achinjwe au auguzwe?

Assalamu alaykum bibi, shikamoo. Usiku wa kuamkia Jumatatu ngawa alivunja mlango wa banda letu akaua tembe wawili. Koo mmoja nimemnusuru, lakini kararuka mgongoni, ngozi imefunuka upana wa kiganja na nyama inaonekana. Maji anakunywa, chakula hataki. Mume wangu anasema tumchinje kabla hajafa. Mimi roho inaniuma, kisha ndiye anayetaga kuliko wote. Jirani kanambia nimtie mafuta ya taa ili inzi wasimkaribie. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Kiuyu, Pemba*

Wa alaykumu salaam, marahaba mwanangu. Mwambie mzee wa nyumba akiweke kisu kwanza. Kuku aliyeraruliwa usiku, asubuhi akawa anasimama na kunywa maji, ana nafasi nzuri ya kupona. Ngozi ya kuku nyembamba kama karatasi, inachanika kwa urahisi, lakini na kufunga inafunga vizuri ajabu.

Ila mchunguze jambo moja. Mshike, tulia, tazama kidonda anapopumua. Kikitoa povu au sauti ya hewa, basi jino limefika ndani, maana kuku ana mifuko ya hewa iliyotandaa mwilini mwake, si mapafu peke yake. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na kama daktari yuko mbali na kuku anateseka, hapo mume wako ana haki.

Mafuta ya taa usithubutu. Mie nimeyatia, nakwambia kwa kinywa changu. Miaka mingi nyuma, hapa Wete, jimbi wangu alipata kidonda mgongoni, nikamimina mafuta ya kibatari nikijiona fundi. Inzi kweli hawakuja. Siku ya pili ngozi iliyokuwa nzima ikawa nyeusi, ngumu kama ganda la muhogo, na siku ya nne jimbi kafa. Inzi hawakumuua, wala kidonda. Nilimuunguza mimi.

Fanya hivi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko sawa, si cha kilima, kisha yaache mpaka yawe vuguvugu. Nunua bomba la sindano dukani kwa dawa, sindano yenyewe itupe. Mfunike kuku kichwa kwa kitambaa chepesi, atatulia kama kalala. Manyoya yanayozunguka kidonda yakate kwa mkasi, usiyanyonyoe, ukiyavuta utaichana na ngozi iliyobaki. Halafu rusha maji ya chumvi mpaka mchanga, damu kavu na vinyoya vyote vitoke. Usiwe na haraka, mara ya kwanza itakuchukua robo saa na zaidi. Kidonda kikikauka kidogo, paka asali nyembamba, asali ya kweli, si ile ya sukari iliyochemshwa. Asubuhi na jioni.

Usimshone. Jino la ngawa limejaa uchafu, ukishona unaufungia ndani. Na ujue usaha wa kuku hauchururiki kama wetu, huganda ukawa kama kipande cha muhogo uliochemshwa, umekaa chini ya ngozi na wewe huuoni. Ukibonyeza kando ya kidonda ukahisi kigumu, hicho ndicho. Usikichokore kwa kijiti, kapate msaada wa daktari.

Sasa inzi, maana hao ndio wauaji wenyewe. Kwa joto letu, mayai ya inzi yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja. Mweke koo wako ndani ya nyumba, si uani, kwenye tenga lililotandikwa kanga kuukuu, na juu yake tupia kipande cha chandarua kibovu. Kanga ibadilishwe kila siku. Wenzake wasimwone wala wasimfikie: kuku akiona chekundu hudonoa, hata awe ni dada yake.

Chakula, mpe wali laini na yai la kuchemsha lililovurugwa. Ndiyo, yai. Hajui la nani. Maji usimmiminie kooni, njia ya pumzi iko hapo nyuma ya ulimi, utamzamisha. Tone kando ya mdomo, ameze mwenyewe.

Na kama una zile kapsuli za antibiotiki za rangi mbili zilizobaki mtoto alipougua, ziache zilipo. Dawa ya namna hiyo aiandike daktari wa mifugo, na akiiandika muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Kuhusu kutaga, msamehe. Wangu mmoja aliyefunuka mgongo kama kanga iliyovuka begani alifunga kidonda kwa wiki nne, na yai la kwanza nililiona baada ya mwezi na nusu.

Bibi, kuku wangu anachechemea wiki nzima. Kidole kimevimba na nikitazama karibu naona kama uzi umezama ndani ya nyama. Hatufiki pwani hata hatua mia.
*Kijana wa Nungwi*

Mshipi huo, mwanangu, au uzi wa wavu. Loweka mguu kwenye maji vuguvugu ya chumvi dakika kumi, mwombe mtu akumulikie tochi, na ukate kwa mkasi mdogo wa kucha. Uzi huwa umezunguka mara nyingi, kwa hiyo usiuvute ukidhani umekwisha. Kisha asali, kama hapo juu. Kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi na kikavu, kiache, kitadondoka chenyewe. Halafu fagia uani, na mwambie anayesuka rasta barazani azoe nywele zake. Zinafanya kazi ile ile.

Nina kuku saba. Watatu wanahara kijani, wanahema kwa shida, mmoja shingo imempinda. Jirani anasema niwawahi na kisu wote kabla hawajawa nyamafu, tugawane nyama na tuuze kidogo. Au niwape Panadol kwenye maji?
*Baba wa Fuoni*

Kaka yangu, dalili za kuku wako ni za kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza wa kuku uitwao pia Newcastle. Kideri hakina dawa: si Panadol, si pilipili, si mshubiri. Hivyo vyote nimewahi kuvijaribu, na nimezika kuku walioshiba mshubiri.

Hofu ya nyamafu naielewa, sote tumelelewa nayo. Lakini ukimchinja mgonjwa uani, damu, matumbo na manyoya ndivyo vinavyobeba ugonjwa mpaka kwa jirani wa tatu, na nyama unayouza inautembeza mtaa mzima. Wagonjwa watenge mbali, watakaokufa wachome au wazike shimo refu, na wale wanne wahudumie kwanza kabla hujawagusa wagonjwa, viatu vingine, mikono imeoshwa. Usijipanguse macho na mikono hiyo, kideri kinaweza kuyafanya yawe mekundu siku kadhaa. Na leo hii piga hodi ofisi ya mifugo ya wilaya yako, waje waone.

Kuku wakipita salama, wasubiri wiki tatu hivi kisha wapate chanjo ya matone, tone moja jichoni, na irudiwe kila miezi 3. Usilete kuku mgeni kabla ya hapo. Kichupa cha chanjo kina matone ya kuku wengi kuliko wako, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Gharama gawaneni na huyo huyo jirani mwenye kisu.