Wamenikata asilimia 5, sasa wananidai nini tena?

Barua za safari hii nyingi zimeandikwa na watu wanaofanyia taasisi za umma za hapa Tanzania kazi za mkataba bila kuwa watumishi. Tumechagua nne.

Habari za kazi, wahariri. Nilikusanya takwimu za wavuvi kwa taasisi moja ya umma, mkataba wa Januari hadi Desemba, Sh1,500,000 kwa mwezi. Kila mwezi nilikatwa Sh75,000 ya kodi, nikajua nimemalizana na kodi. Sasa Mamlaka ya Mapato (TRA) inaniambia nadaiwa Sh2,436,000. Imekuwaje? – Mkusanya takwimu, Nansio

Pole, ndugu yetu. Ile 75,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Hiyo ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka, bado si kodi yenyewe. Mwaka mzima umelipwa 18,000,000 na kukatwa 900,000.

Kodi yenyewe hupigwa kwenye faida, kwa viwango vya mtu binafsi. Sh3,240,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, na zinazozidi hapo ni asilimia 30. Mwenye faida ya 12,000,000 analipa 1,536,000. Sasa chukua 18,000,000 yako nzima: 1,536,000 jumlisha asilimia 30 ya milioni 6, unapata 3,336,000. Toa 900,000 uliyokatwa, inabaki 2,436,000. Ndiyo hiyo hiyo unayodaiwa, na maana yake ni moja: hakuna hata shilingi ya gharama zako iliyokubaliwa.

Wewe ulikuwa unazunguka visiwani. Tuseme mafuta ya injini ya boti, nauli, karatasi na vocha vilikula 3,400,000, na ukanunua kompyuta mpakato ya 1,600,000. Kompyuta haitolewi yote kwa mkupuo. Mwaka wa kwanza unapunguziwa asilimia 37.5 ya bei yake, yaani 600,000. Gharama zote ni 4,000,000, faida inashuka hadi 14,000,000, kodi inakuwa 2,136,000, na ukitoa ya zuio unabakiwa na 1,236,000. Tofauti ni Sh1,200,000, na kinachoileta ni risiti. Dumu la petroli lililonunuliwa ufukweni bila risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) ni kama hukulinunua. Ukinunua, taja TIN (namba ya mlipakodi) yako iandikwe kwenye risiti.

Halafu dai vyeti vyote 12 vya kodi ya zuio. Aliyekukata anatakiwa kuwasilisha fedha hizo TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo ukienda kwa mhasibu wao katikati ya mwezi unaofuata hana cha kukuzungusha. Soma TIN iliyoandikwa, tarakimu kwa tarakimu. Mhasibu akikosea moja tu, 75,000 yako inamnufaisha mtu mwingine. Kama TIN yako ni ile ya kuombea leseni ya udereva, ibadilishe iwe ya biashara kabla ya kusaini mkataba.

Na wale watakaokushauri ulipe kwa mauzo kama mwenye duka, wanakupotosha. Utaratibu ule wa mauzo yasiyozidi milioni 100 hauwahusu wanaotoa huduma za kitaalamu, kiufundi, usimamizi, ujenzi na mafunzo. Wewe unapeleka makadirio ya mwaka, unalipa kwa awamu nne (31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba), kisha ritani (taarifa ya kodi) ya mwisho kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Usikadirie kidogo kupita kiasi. Makadirio yakiwa chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, kuna riba.

Mimi ni mhandisi niliyesajiliwa, nafanya usanifu wa miradi ya maji. Nimeambiwa lazima nijiandikishe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ingawa kwa mwaka sifikishi hata milioni 60. Kiwango cha mauzo cha kujiandikisha si milioni 200? – Nyegezi

Kiwango kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi 200 mwaka 2023, ni kweli, ila hakikugusi. Anayetoa huduma ya kitaalamu inayohitaji leseni au usajili wa bodi anajiandikisha VAT bila kujali mauzo. Wahandisi, wanasheria, wahasibu na wapimaji wamo.

Kuanzia 1 Julai 2025 kuna jingine: taasisi ya Serikali inazuia pia sehemu ya VAT, inayolingana na asilimia 3 ya bei ya bidhaa au asilimia 6 ya bei ya huduma kabla ya VAT. Ankara yako ya 20,000,000 inakuwa hivi. Ongeza VAT ya 3,600,000, jumla 23,600,000. Wanatoa kodi ya zuio 1,000,000, ambayo hupigwa kwenye 20,000,000 na si kwenye jumla. Wanatoa VAT ya zuio 1,200,000. Benki inaingia 21,400,000. Risiti ya EFD unaitoa ya 23,600,000. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaandika kiasi kilichoingia benki, vitabu vya pande mbili havifanani, na malipo yanayofuata yanakwama mezani. Kwenye ritani ya VAT, inayopelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ile 1,200,000 inapunguza deni lako.

Kinachouma zaidi ni kuchelewa kulipwa. VAT inadaiwa kwa lililotangulia kati ya ankara, malipo na huduma kukamilika. Ukitoa ankara Machi na fedha zikaja Julai, tarehe 20 Aprili unalipa VAT kwa fedha za mfukoni. Omba mkataba ugawe kazi kwa hatua, kila hatua ikamilike ripoti inapokubaliwa kwa maandishi, ndipo utoe ankara.

Na bei iandikwe wazi kuwa VAT haimo. Mkataba ukinyamaza, bei inahesabiwa kuwa na VAT ndani, na kwenye 20,000,000 hiyo ni 3,050,847 inayotoka kwako.

Mimi fundi ujenzi. Nimejenga vyoo vya shule kwa 10,000,000, vifaa vyangu, wakakata asilimia 5 ya yote. Ni sawa? – Buzuruga

Si sawa. Kwenye ujenzi, vifaa na huduma hugawanywa kwa uwiano wa 3:2. Ile asilimia 5 inapigwa kwenye 4,000,000 ya huduma, yaani 200,000, si 500,000. Waandikie mapema kabla hawajaiwasilisha. Ikishawasilishwa, hakikisha cheti kina 500,000 na uidai yote kwenye ritani.

Kaka yangu yuko Birmingham, anatengeneza mifumo ya kompyuta ya hospitali ya umma kupitia kampuni yake. Anasema anakatwa kodi kama mwajiriwa ilhali si mwajiriwa. Na mimi hospitalini huku nasaini daftari kila asubuhi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Yatanikuta? – Kirumba

Dada, yale ni ya Uingereza. Kanuni hiyo, inayoitwa IR35, ilianza Aprili 2000, na wakati huo kampuni ya kaka yako ndiyo iliyojipima yenyewe. Tangu 6 Aprili 2017 taasisi ya umma inayotumia huduma ndiyo inayoamua kama, kampuni ikiwekwa kando, mtu huyo angekuwa mwajiriwa. Ikiamua ndivyo, anayelipa anakata kodi na michango kwanza. Mwaka 2021 ikaenea hadi kampuni binafsi za kati na kubwa. Kaka yako anaweza kupinga uamuzi huo kwa maandishi, nao wana siku 45 za kumjibu.

Huku kwetu cha kuangalia ni Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa, anapewa vifaa, anamtegemea huyo mmoja kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Jina la mkataba haliamui.

Hata ukitambuliwa kuwa mwajiriwa, kikodi usitarajie nafuu. Mshahara wa 1,500,000, kabla ya kutoa mchango wa pensheni, unakatwa 278,000 kwa mwezi, sawa na 3,336,000 kwa mwaka. Ndiyo tarakimu ile ile ya ndugu yetu wa Nansio asiye na risiti. Utakachopata ni mwajiri kuchangia pensheni yako, likizo ya malipo na notisi. Anza kwa kutunza nakala za mikataba yote na picha za kurasa za daftari lenye saini yako.