Uliza Fundi wa Kamera: Mbona picha nikiitoa kwenye video inakuwa na ukungu?

*Shikamoo fundi. Mi napiga video za harusi na sendofu hapa Morogoro, siku hizi kila mteja akishapewa video yake anarudi anasema nitolee na picha humohumo za kutundika ukutani, nikizitoa zina ukungu, mikono inavutika, naona aibu hata kumpa mtu. Kamera yangu ni full HD ya zamani inaandika 1080i. Nataka ya 4K, na kuna jamaa ananiuzia kale kakifaa ka HDMI ka kuchomeka kwenye laptopu anasema ndo kanatoa picha safi. Nifanyeje?*
*Mpiga video, Morogoro*

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hela mfukoni nenda kaangalie shata, yaani muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha, ilikuwa ngapi siku hiyo, maana kamera nyingi ukiziacha oto ndani ya ukumbi zinakaa 1/50 ya sekunde, na kwa video hiyo ni sawa kabisa, mwendo unaonekana laini. Ila ukisimamisha fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, mambo yanabadilika. Chukua ule mkono wa bwana harusi unaopeleka keki mdomoni kwa mwenzie, tuseme unaenda taratibu tu nusu mita kwa sekunde, ndani ya 1/50 umeshatembea sentimita 1, sasa pete yenyewe haina hata upana huo, ndo maana ukitoa picha pete huioni, unaona mstari wa njano tu. Weka 1/250 mkono huohuo unatembea milimita 2 na pete inakaa mahali pake. Kwa hiyo hata ukija na 4K leo ukaiacha kwenye 1/50, ile sentimita 1 iko palepale.

Gharama yake ni mwanga. Kutoka 1/50 kwenda 1/250 mwanga unaoingia unabaki sehemu moja ya tano, ukumbini kamera itapandisha geini yenyewe, yaani itakuza mwanga kwa nguvu za umeme, na picha itajaa chenga. Ndo maana mi nasema hela ya kwanza nunua taa, taa nzuri ya LED juu ya stendi, uielekeze meza ya keki kabla MC hajaita watu. Na ujue umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi za kumbi zinapepesa, ukipandisha shata unaweza kuona mistari inapita kwenye picha, ukiiona rudi 1/100 mistari mingi inatulia na bado umepunguza ukungu nusu. Nje mchana, watu wanapotoka kanisani au msikitini, weka 1/500 bila wasiwasi.

Sasa hiyo 1080i. Hiyo "i" maana yake kila fremu imeshonwa kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na mistari ya witiri, na hizo nusu mbili zimepigwa kwa kupishana 1/50 ya sekunde, kwa hiyo kitu kikisogea unapata meno ya kitana pembeni yake. Kabla ya kununua angalia kama kamera yako ina 25p au 50p kwenye menyu, hiyo "p" ni fremu nzima isiyoshonwa, watu wengi wanayo na hawajawahi kuigusa.

Ukubwa nao una hesabu yake. Full HD ni pikseli, zile nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi, ukiprinti inchi 4 kwa 6 inatoka vizuri, lakini mteja akitaka 8 kwa 10 ya ukutani unabaki na pikseli 135 kwa kila inchi na anayesogea karibu ataona. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni 8 na kidogo, hiyo 8 kwa 10 inapata 270 kwa inchi, inapendeza kweli, na hata ukikata uso wa mama mzazi pembeni bado kuna kitu cha kuprinti. Kwa hiyo ndio, 4K inunue, sikukatazi.

Ipi? Kwa harusi ya masaa sita mi bado napenda kamkoda, yaani kamera ya video, kuliko kamera ya picha, kwa sababu ya zumu ndefu na haikuzimikii katikati ya nasaha. Sony AX53 iliyotumika ni ya kuanzia, inaandika 4K mpaka megabiti 100 kwa sekunde na zumu yake ya lenzi ni mara 20. Ukiweza kujinyima ufike AX700, sensa yake ni ya inchi 1, kwenye giza utaona tofauti kabisa. Zumu ya dijito izime usiiguse. Kwa hizo megabiti 100 saa moja inakula GB 45, chukua kadi zenye alama ya kasi ya V30 au U3, na usinunue za bei ya kutupa, harusi hairudiwi.

Kile kifaa cha HDMI, cha kupitisha video ya kamera kwa waya mpaka kwenye laptopu, achana nacho kabisa kwa kazi hii. Vingi vimeandikwa 4K kwenye boksi ila hiyo 4K ni ya kuingia tu, kinachofika kwenye laptopu ni 1080 na kimebanwa tena. Video yako iko kwenye kadi tayari, kopi faili lenyewe, fungua na VLC, programu ya kuchezea video, karibu na tukio simamisha alafu bonyeza E, inasogea fremu moja moja, ukifika pazuri Shift na S inakuhifadhia picha. Tafuta pale mwendo unapogeuka, keki imegusa mdomo na mkono umesimama, hapo kati ya fremu 25 za sekunde hiyo utapata mbili tatu zilizotulia. Hifadhi PNG, aina ya faili la picha lisilopunguza ubora, na ukimtumia mteja kwa WhatsApp itume kama dokumenti.

*Habari za kazi fundi. Nina kaseti ya miniDV, ile ndogo ya kamera ya kidijito, ya harusi yangu, marehemu bibi yangu yumo anacheka, hatuna picha yake nyingine. Studio moja walinitolea ikaja imefifia na mistari mistari. Inaweza kupona?*
*Mama watatu, Tanga*

Salama dada, pole sana kwa bibi. Inaweza. Inaonekana walipitisha waya wa njano, na huo unageuza video ya kidijito kuwa ya analogi alafu inageuzwa tena, kila hatua inakula kitu. Tafuta mwenye kompyuta yenye FireWire, tundu la waya wa kidijito, kwenye kamera tundu limeandikwa DV au i.LINK, hapo inakopiwa ilivyo, saa moja ni GB 13 hivi. Kaseti ipelekwe mbele mpaka mwisho na irudishwe mara moja kabla ya kucheza, na kama kamera iliyorekodi bado ipo tumia hiyohiyo.

Kwenye VLC washa diintalesi, inayounganisha zile nusu mbili za fremu, mistari itaondoka. Fremu ni 720 kwa 576, mwambie fundi aivute iwe 768 kwa 576 la sivyo uso wa bibi utakuwa mwembamba kuliko alivyokuwa. Iprinti ndogo, inchi 3.5 kwa 5, fremu nzuri ya mbao. Na akikwambia ataikuza kwa programu za AI mkatalie, zile zinachora macho na meno ambayo hayakuwepo, utabaki na bibi wa mtu mwingine ukutani. Kaseti yenyewe usiitupe, iweke imesimama pakavu, mbali na jiko.