Umemfukuza Barazani, Usimwombe Radhi Jikoni

Kwa miaka 9 nilikuwa katibu wa halmashauri ya kanisa letu hapa Masasi, na kila nilipopewa zamu ya kuhubiri juu ya ubaguzi wa rangi niliusema kama dhambi ya watu wa mbali. Nilikuwa na cha kujivunia. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1968 dayosisi yetu iliongozwa na Askofu Trevor Huddleston, Mwingereza aliyekuja kwetu baada ya kupambana na makaburu kule Sophiatown, mtaa wa Johannesburg, ambaye Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alisimulia hadi uzeeni jinsi alivyomvulia kofia mama yake Tutu, mwanamke Mwafrika aliyefanya kazi za ndani. Kisa hicho nilikirudia madhabahuni mara nyingi, na sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe humwamkia nani na humpita nani.

Niliyempita alikuwa mpiga kengele wetu. Ni Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa kijana, wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, na usoni ana chale za kwao. Sisi tulimwita Mmawia, jina ambalo huku kusini kila mtu analijua na wachache hulitamka kwa heshima. Umri wake ni wa baba yangu, lakini shikamoo yangu hakuwahi kuipata. Nilimwita "wewe mzee" kama mtu anayemwita mchukuzi stendi.

Akinung'unika, tulimwambia ni utani tu. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu utani ndiko tunakojificha. Watu wa kusini tunaujua utani: mtani hukutukana msibani, hukuchukulia kuku wako, na ndiye huyo huyo anayekuchimbia kaburi. Kwa hiyo utani una njia mbili, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha, tena kwa ukali uleule. Mzee yule hakuwahi kurudisha neno hata moja, kwa kuwa alijua siku atakayorudisha ataambiwa arudi kwao. Ukitaka kupima utani wa kanisani kwenu, tazama kama yupo anayecheka peke yake.

Siku ya sikukuu ya mavuno tulipokea wageni watatu kutoka kanisa rafiki la Ulaya. Meza yao ilitandikwa kitambaa kwenye baraza ya nyumba ya padre, ikawekwa soda, maji ya chupa, uma na visu. Waumini wengine, wazee wa kanisa wakiwamo, walikula kwenye masinia chini ya mwembe. Hakuna mgeni aliyetuomba tuwatenge hivyo. Tulifanya wenyewe, kwa mazoea ambayo hatukumbuki tuliyajifunza lini. Mpiga kengele alinawa mikono, akapanda barazani kuwasalimu. Nilimshika mkono juu ya kiwiko, nikamteremsha, nikisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye masinia, "Mmawia, hapa si pako." Mgeni mmoja aliuliza yule ni nani, nami nikajibu kuwa ni mlinzi. Mlinzi hakuwa, na kengele ile alikuwa akiipiga bila malipo.

Tangu siku hiyo aliendelea kupiga kengele, ila ndani ya kanisa hakuingia. Alisikiliza ibada akiwa amekaa kwenye kigogo nje. Mimi sikuona. Mke wangu ndiye aliyeniambia, wakati Kwaresima imeshaanza, na nilipohesabu nikakuta miezi imepita.

Nilimwendea jioni na kilo mbili za sukari, nikamwomba radhi uani kwake tukiwa wawili tu. Aliipokea sukari, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Umenifukuza barazani, unaniomba radhi jikoni?" Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikimwona ni mtu mgumu asiyejua kusamehe. Wewe uliye kwenye halmashauri, ukijikuta unamkasirikia uliyemkosea kwa sababu hakukusamehe upesi, ujue bado hujaanza kutubu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pa matangazo, nikasema nilichofanya, nikitaja neno nililotumia. Nakushauri usiseme "kama kuna niliyemkwaza". Sema tendo lenyewe, kwa kuwa waliokuwepo wanalikumbuka. Mwezi Novemba 1990, huko Rustenburg, mwanateolojia Willie Jonker alisimama mbele ya wajumbe wa makanisa ya Afrika Kusini akakiri dhambi ya ubaguzi, yake mwenyewe na ya kanisa lake la makaburu, Dutch Reformed, lile ambalo sinodi yake ya mwaka 1857 iliruhusu waumini weusi watengewe ibada kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya wazungu. Kukiri kule kulikuwa kwa kweli. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye kanisa hilo na yale yaliyotengwa nalo yalikuwa bado yanazungumzia kuungana, maana kuungana kunagusa majengo, fedha na nani atakaa kiti gani.

Ndiyo sababu napenda sana sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika ugavi wa kila siku, mitume hawakuishia kuwapoza. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia ugavi wenyewe, na majina yao yote, kuanzia Stefano hadi Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Waliolalamikiwa waliukabidhi mfuko kwa waliolalamika. Nilipopendekeza kwenye halmashauri kwamba sanduku la sadaka liwe na funguo mbili, moja akae nayo mtu kutoka familia zilizotoka ng'ambo ya Ruvuma, mzee mmoja aliuliza kwa hasira ni lini wageni walianza kushika mali ya kanisa. Nilimkumbusha kuwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa Masasi kutoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, na kwamba hao, wasio na ukoo hapa wala shamba, ndio waliolianzisha kanisa analolilinda. Hakuridhika. Yeye na jamaa zake sasa wanasali kwingine, na hilo nalo lazima uwe tayari kulibeba.

Mpiga kengele tulimpa ufunguo, akaukataa. Alisema macho yake hayaoni tena tarakimu, akamleta binti yake wa mwisho, ambaye sasa kila Jumapili baada ya ibada huhesabu sadaka pamoja nami, na mara mbili ameshanikuta nimekosea. Baba yake huketi benchi la nyuma kabisa, karibu na kamba ya kengele. Sijamwambia asogee mbele.