"GPL v2" bila maneno mengine: je, inakaa pamoja na Apache 2.0?

Mkuu, umesema mradi unaoutaka una faili la LICENSE lenye GPL (leseni ya programu huria) toleo la 2, README yake (faili la maelezo) imeandika "GPL v2" basi, na programu yako tayari inatumia maktaba yenye leseni ya Apache 2.0. Unauliza kama ukiviunganisha unaweza kusambaza.

Yote yanategemea maneno matatu: "any later version", yaani toleo lolote la baadaye. Yakiwepo, unachagua GPL 3 ya mwaka 2007, nayo inapatana na Apache 2.0. Yasipokuwepo umebaki na toleo la 1991, na kwa msimamo wa FSF (shirika lililoandika GPL) hilo halipatani na Apache 2.0: Apache ina masharti ya hataza ambayo GPL 2 haina, na GPL 2 inakataza kuongezewa vizuizi. Ukiitumia ofisini kwako bila kuisambaza, huna shida.

Sasa angalia mtego. Watu hufungua LICENSE, wanashuka hadi chini, wanayakuta maneno yale, wanashangilia. Yako chini ya mstari wa "END OF TERMS AND CONDITIONS". Pale ni kielelezo tu cha jinsi ya kuandika tangazo, na kimo katika GPL 2 ya kila mradi. Utakijua kwa nafasi za jina na mwaka ambazo hazijajazwa.

Tangazo la kweli huwa mwanzoni mwa mafaili ya msimbo. Litafute kwa amri hizi:

grep -rl "any later" --exclude=LICENSE --exclude=COPYING .
grep -rn "SPDX-License-Identifier" .

Usiongeze "version" kwenye amri ya kwanza. Wengine wamekata mstari katikati na grep haitaona kitu. Kwenye SPDX (alama fupi za kutaja leseni, ambazo amri ya pili inazitafuta), GPL-2.0-only (toleo la 2 tu) na GPL-2.0-or-later (la 2 au la baadaye) zinajieleza. GPL-2.0 peke yake ni alama iliyostaafishwa; rasmi ilimaanisha toleo la 2 tu, ila wengi waliibandika bila kufikiri, kwa hiyo uliza.

Mafaili 30 yakisema or-later na mawili yakisema only, mchanganyiko wote ni only. Kabla ya kukata tamaa, tazama kama hayo mawili ni ya majaribio tu na hayaingii kwenye programu unayosambaza.

Kuna atakayekutajia kifungu cha 9: toleo lisipotajwa, chagua lolote. Ni kweli, lakini README ya mradi huo imelitaja. Usikiegemee.

Ukiwaandikia wenye mradi, usiulize "hii ni GPL 2?" Watajibu ndiyo, na utakuwa palepale. Uliza: "Ni GPL-2.0-only au GPL-2.0-or-later? Tafadhali andikeni kwenye README na juu ya kila faili."

Halafu endesha git shortlog -sne HEAD, inayoorodhesha waliochangia msimbo. Likitoka jina moja, jibu lake linatosha. Yakitoka 14, kumbuka kwamba kuongeza "or later" pasipokuwepo ni kubadilisha leseni, hata ukikuita ufafanuzi, na kila mwenye hakimiliki lazima akubali. VLC (programu ya kucheza video) walipohamisha injini yao kwenda LGPL (leseni iliyolegezwa kuliko GPL) iliwabidi kuwasaka wachangiaji mmoja mmoja.

Wakijibu only, itenge sehemu ya GPL iwe programu inayojitegemea, na programu yako iwasiliane nayo kwa bomba (pipe) au amri za kawaida. Ukiiita kama maktaba ndani ya mchakato uleule, tatizo liko palepale.