Ulaya hakuna wakala: majibu kwa mnaouliza kuhusu kazi ya ujuzi wa kidijitali huku

Ndugu zetu, maswali yenu ni matatu na yanajirudia. Mashirika ya Ulaya yanayojiita ya ujumuishi wa kidijitali, yaani ya kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma na huduma za mtandaoni, yanamfundisha nani, wakati huko kila mtu amekua na kompyuta nyumbani? Mwenye diploma ya TEHAMA kutoka Dodoma au Kisumu anaweza kupata kazi humo? Na la tatu, ambalo ndilo lililowafanya wengi wenu muandike: je, kompyuta zao kuukuu au fedha za mradi zinaweza kufika kwenye kikundi chetu? Tutajibu kwa mfano wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Ndipo ilipo Tume ya Ulaya, chombo kinachopendekeza sheria za Umoja wa Ulaya, ndipo mashirika ya utetezi yalipopanga ofisi, na ndipo Wakongo wengi wanaosema Kiswahili wanapokutana na tatizo lenyewe uso kwa uso.

Kwanza litoeni kichwani hilo la kila Mzungu kujua kompyuta. Takwimu za mwaka 2023 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, zinaonyesha kwamba kati ya watu wa miaka 16 hadi 74 katika Umoja wa Ulaya, asilimia 56 hivi tu ndio wenye angalau ujuzi wa msingi wa kidijitali. Uholanzi na Finland wamevuka 80, Romania haifiki 30. Umoja umejiwekea lengo la asilimia 80 ifikapo 2030. Sisi hatuoni likifikiwa kwa mwendo huu.

Kipimo chenyewe si mtihani. Mtu huulizwa amefanya nini kwenye intaneti miezi ya karibuni katika maeneo matano: habari, mawasiliano, kutengeneza maudhui, usalama na kutatua matatizo. Ukitoka kapa katika eneo moja, huhesabiwi. Ndiyo maana kijana anayeshinda TikTok tangu alfajiri anaweza kuanguka: hajawahi kuandika hati wala kugusa mipangilio ya faragha. Maeneo hayo matano yanatoka katika DigComp, mwongozo wa Tume ya Ulaya uliotoka mara ya kwanza 2013. Toleo la 2022 lina stadi 21 na ngazi 8. Anayetaka kazi hii ausome kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kozi na maombi ya fedha vyote vimeandikwa kwa lugha yake.

Sasa tatizo lenyewe. Kwetu huduma za kidijitali zilikuja na mtu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikumwachia bibi simu na karatasi ya maelekezo. Ilimwekea wakala dukani. Fomu ya kodi au mkopo wa chuo, yuko kijana wa saiba anayekujazia kwa shilingi kidogo. Ulaya walifanya kinyume: walipeleka huduma mtandaoni ili wapunguze madirisha, na katikati hawakuweka mtu. Benki inafunga tawi. Manispaa inataka miadi, na miadi hupatikana kwenye tovuti. Mwenye mtoto anayejua humsumbua mtoto. Asiye na mtoto, barua zinarundikana mezani hadi posho inakatwa.

Mashirika haya yamekalia kiti cha wakala, bila malipo. Kisha yanamgeukia mwenye mamlaka na kumwuliza kwa nini alikiacha kitupu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo utetezi.

Tuone Ubelgiji kwa undani. Kuingia kwenye tovuti za serikali kwa kawaida kunataka mojawapo ya njia mbili: kitambulisho chenye chipu, namba yake ya siri na kifaa cha kusomea kadi kilichochomekwa kwenye kompyuta, au programu ya simu iitwayo itsme, iliyoanza 2017, ambayo nayo hufunguliwa kwa kitambulisho hicho au kupitia benki. Watu hukwama mahali palepale kila siku. Barua yenye namba za siri hutupwa ikidhaniwa ni tangazo la biashara. Namba ikikosewa mara tatu kadi hujifunga, na kuifungua ni mpaka urudi manispaa, yaani urudi kwenye ile miadi ya mtandaoni. Mwombaji hifadhi ana shida zaidi: hati yake ya muda, ile karatasi ya rangi ya chungwa, haina chipu, kwa hiyo mlango wa kwanza kwake haupo. Mlango wa benki upo kisheria: agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/92 linampa kila mkazi halali, waombaji hifadhi wakiwemo, haki ya akaunti ya msingi, na benki ina siku 10 za kazi kujibu ombi lililokamilika. Dirishani wengi hukataliwa kwa mdomo. Dawa ni kudai kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi karani akiombwa aandike, akaunti hupatikana.

Msaada hutolewa kwenye vyumba vya umma vya kompyuta, wenyeji wanaviita EPN, vilivyo katika maktaba na nyumba za jumuiya. Kuna saa za wazi, unakuja na barua yako na tatizo lako, na kuna kozi. Kundi zuri ni watu 6 hadi 8 kwa saa mbili. Wakizidi hapo, mwenye kujifunza kipanya akiwa na miaka 65 anasahaulika nyuma. Mwalimu mgeni hukosea kwa kuanza na Word. Anza na baruapepe na nywila, maana bila hivyo hakuna mlango unaofunguka. Na mwangalie kibodi: hapa inaitwa AZERTY, A imekaa penye Q, W imebadilishana na Z, na tarakimu hazitoki mpaka ubonyeze Shift. Kisanduku cha nywila kinaonyesha vidoto tu. Nywila nyingi zinazosemwa zimesahaulika hazikusahaulika kabisa, zimechapwa vibaya. Mwambie kwanza aichape mahali inapoonekana, kisha afute.

Tofauti kubwa na saiba ya kwetu ni hii: huruhusiwi kuchukua nywila ya mtu, wala kubaki na picha ya kitambulisho chake kwenye simu yako. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 2018, haitanii. Mwenyewe ndiye anayechapa, na daftari la nywila anaondoka nalo. Hii inachosha na inachelewesha, na wasaidizi wengi huvunja masharti kwa huruma. Ufaransa wametafuta njia: mfumo wa Aidants Connect unamruhusu msaidizi aliyeidhinishwa kumfanyia mtu kazi kwa idhini iliyosajiliwa. Sisi tunaona ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika fani hii, kwa kuwa umekiri kwamba kuna watu ambao hawatajifunza kamwe, na haki zao zinabaki vilevile.

Hapo ndipo ugomvi wa Brussels ulipotokea. Serikali ya mkoa wa Brussels ilipoandaa sheria ya kuhamishia huduma mtandaoni, shirika la kisomo la Lire et Écrire na mashirika mengine yaliipinga, na watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika waliandamana. Sheria ilipita Januari 2024 ikiwa na kifungu kinachodai dirisha, simu na posta vibaki. Lakini ilipopita iliacha upenyo: ofisi ingeweza kujitoa ikiwa mzigo umepita kiasi. Nani angepima huo mzigo? Ushindi wa utetezi mara nyingi ni wa ukubwa huo.

Katika ngazi ya Ulaya yuko ALL DIGITAL, mtandao wenye makao Brussels unaounganisha mashirika ya mafunzo ya nchi nyingi. Msidhani kazi ya ofisi kama hizo ni kufundisha. Ni kuandika. Tume inapotoa pendekezo la sheria, huacha wiki 8 za maoni. Ndani ya wiki hizo unakusanya takwimu kutoka kwa wanachama, unaandika kurasa chache, unajisajili katika rejesta ya uwazi ya Umoja, kisha unamtafuta mbunge anayeshughulikia faili na kumpa marekebisho yaliyo tayari: ibara namba fulani, maneno ya zamani huku, mapya kule. Malalamiko ya jumla hayana msomaji. Na subira iwepo ya mkulima wa minazi: sheria ya Ulaya ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu, inayogusa benki za mtandaoni, mashine za tiketi na maduka ya mtandaoni, ilipendekezwa 2015, ikapitishwa 2019, ikaanza kutumika 28 Juni 2025.

Kazi, basi. Ajira nyingi zinaishi na mradi. Mradi wa ushirikiano wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili elimu na mafunzo, hudumu miezi 12 hadi 36, na mkataba wako unaweza kuzikwa nao. Fedha hutolewa kwa mkupuo, euro 120,000, 250,000 au 400,000, zikigawanywa kwa washirika wa nchi zisizopungua tatu; sehemu ya kazi isipokamilika, fedha zake hukatwa. Kwa hiyo anayethaminiwa ni anayejua kuandika ripoti na kutunza vithibitisho, kuliko anayejua kuandika programu. Mtu asiye raia wa Umoja anahitaji kibali kinachounganisha kazi na ukaazi, na mwajiri ndiye anayekiomba. Shirika la watu watano halina nguvu ya kulifuata jambo hilo. Tusidanganyane: aliye Dodoma hatatafutwa. Anayeingia ni aliyekwisha kufika kwa njia nyingine, ama kwa ndoa, ama kwa hifadhi, ama kwa masomo, na mwanafunzi Ubelgiji ana saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Kifaransa ni lazima, Kiholanzi ni nyongeza nzuri. Ofisi za ngazi ya Ulaya hutumia Kiingereza. Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi vina thamani kwenye saa za wazi za EPN, lakini mara nyingi ni kwa kujitolea.

Kuhusu kujitolea, mpango wa Umoja wa Ulaya kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 unataka uwe mkazi halali wa nchi zinazoshiriki au za jirani zake. Afrika Mashariki haimo. Anayewaahidi nafasi hiyo kwa ada ya usajili ni tapeli, hata kama ana nembo ya Umoja yenye nyota za njano.

Kompyuta kuukuu zipo, na zimeongezeka tangu Windows 10 ilipokoma kupata masasisho ya kawaida mnamo 14 Oktoba 2025, kwa sababu nyingi haziwezi kupokea Windows 11. Zikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, bado zinafaa darasani. Ila kuzisafirisha si kupakia kontena tu. Tangu 1 Januari 2025 taka za kielektroniki haziruhusiwi kutoka Umoja wa Ulaya kwenda nchi kama zetu, na mtumaji lazima athibitishe kwamba kila kifaa kimepimwa na kinafanya kazi, kwa karatasi zake, na kimefungwa kisivunjike. Kisichopimwa ni taka. Nanyi mkipokea, ulizeni hali ya betri na aina ya kibodi, msije mkaletewa AZERTY 40 kwa shule ya Kiingereza.

Fedha: kikundi chenu hakiwezi kuwa mwombaji mkuu wa mradi wa ushirikiano wa Erasmus+. Kinaweza kuwa mshirika, ikiwa maombi yanaonyesha wazi kwamba mnaleta kitu ambacho Ulaya haina. Miradi midogo ya euro 30,000 au 60,000 haiwapokei kabisa. Mnacho kitu hicho: mfumo wa wakala. Andikeni jinsi anavyolipwa, makosa gani hutokea, wizi hutokea wapi. Ukurasa mmoja kama huo unauzika Brussels kuliko picha za watoto mbele ya kompyuta.

Na kwa yeyote anayekaribia kusafiri, hili halina gharama. Akaunti ya Gmail iliyofungwa kwa laini ya nyumbani ndiyo ajali ya kwanza ya wageni: laini hukaa bila matumizi, kampuni humpa mtu mwingine, na ujumbe wa uthibitisho unamwendea huyo. Kabla ya kupanda ndege weka baruapepe ya pili ya urejeshaji, kisha fungua sehemu ya usalama ya akaunti yako, washa uthibitisho wa hatua mbili, chukua zile namba 10 za akiba zenye tarakimu 8, za kuingilia wakati ujumbe wa simu haukufikii, na uzichapishe kwenye karatasi. Karatasi ikae na pasipoti, isikae ndani ya simu.