Uliza Mwalimu: Saada alienda wapi?

Mwezi huu barua zimejaa waandishi watupu, sijui kuna nini, na karibu wote wanatoa vitabu kwa wachapishaji wadogo, wale wa watu wawili na kompyuta moja. Nimechukua nne, nyingine zitangoja.

Shikamoo mwalimu. Niko Lamu, nina mswada wa hadithi fupi sita na insha nne, zote zimetoka kwenye tenzi za huku kwetu, hasa ule wa Mwana Kupona na habari za Fumo Liyongo, yule shujaa wa kale. Mchapishaji wangu (ni yeye na mkewe, ofisi ni sebule yao) anasema hadithi na insha haziwekwi kitabu kimoja, halafu maneno ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, niyatoe au niyafafanue kwenye mabano. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Tuanze na mabano maana hilo ndo limenikera. Usiweke. Msomaji akikutana na mabano matatu ndani ya hadithi anajiona karudi darasani, na watu walishamaliza shule. Chukua ubeti wa mwanzo wa utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamwita binti yake Mwana Hashima:

*Negema wangu binti / mchachefu wa sanati / upulike wasiati / asa ukazingatia*

Mtu wa Dodoma hajui negema, sawa, lakini we mwandishi wa hadithi una kitu ambacho mtunzi wa utenzi hakuwa nacho, una nafasi. Andika hivi: "Negema," mama akasema, akapapasa mkeka ubavuni pake. Basi, imetosha. Kila mtu kaelewa binti anaitwa asogee karibu, na neno limebaki zima na ladha yake. Sanati ndo miaka, mchachefu wa sanati ni mwenye miaka michache, hiyo nayo iweke karibu na umri wa mtoto, itaeleweka yenyewe. Na ukiwa hapo hapo hebu hesabu mizani kwa vidole, ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane kamili, ile n ya binti inahesabiwa peke yake, ukisoma haraka unapata saba unadhani mama kakosea. Mi nilidhani hivyo miaka mingi, nilikuwa kijana na nina kiburi, nikaandika hata pembeni ya kitabu kwa kalamu nyekundu, mpaka leo nikikifungua naona aibu.

Sasa la pili, ambalo hukuuliza ila nakwambia. Miswada mingi inayonifikia urithi umewekwa kama pambo. Ukurasa wa kwanza mlango wa nakshi, wa pili ubani, wa tatu kuna bibi anasimulia, halafu hadithi yenyewe ni ya mapenzi ya chuo ingetokea popote. Hiyo si mizizi, hayo ni mapazia. Ukitaka mizizi nenda kwenye utenzi utafute mtu aliyesimama pembeni. Kwa mfano Liyongo kafungwa gerezani, walinzi wanakula kila chakula kizuri anacholetewa wanamwachia makombo, basi anamtuma Saada, kijakazi wa mama yake, akamwambie huyo mama apike mkate wa wishwa, yaani pumba, na ndani aweke tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, nani anautaka, wanamwachia, naye anakata minyororo na kuwatoroka huku ngoma inalia nje. Kila mtu anamjua Liyongo. Je Saada? Yeye ndo kabeba tupa mkononi kapita nayo mbele ya walinzi, wangeuvunja ule mkate angekuwa wa kwanza kufa. Na baada ya hapo utenzi haumtaji tena, unaendelea na shujaa wake. Saada alienda wapi usiku ule? Mi ningetoa hela yangu kusoma hadithi hiyo. Au wale kina mama wa kisimani mwishoni, Liyongo keshachomwa na mwanawe sindano ya shaba kitovuni, kapiga goti kisimani na upinde kauvuta, amekufa lakini hakuna anayejua, watu wanaogopa kuteka maji. Siku hizo za kiu kwenye nyumba za mji, watoto wanalia, nani anamwambia nani aende akatazame? Hapo pana riwaya nzima bila mlango wa nakshi hata mmoja.

Kuhusu kuchanganya hadithi na insha, mchapishaji wako anaogopa tu duka litaiweka rafu gani. Shaaban Robert aliandika hekaya, mashairi, wasifu na insha na hakuna aliyemwomba achague. Sharti langu ni moja, insha isije kueleza hadithi. Ukiandika hadithi ya Saada kisha insha ya kutufafanulia Saada ana maana gani, umetupa mabano yale yale ila marefu zaidi. Insha ifanye kazi ambayo hadithi haiwezi, yaani kubishana kwa uwazi. Mwana Kupona anamfundisha binti yake amtii mume, kila mtu anajua hilo na wengine wamemchukia kwa hilo, lakini mwenyewe alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyekataa kumtii Sultani wa Zanzibar mpaka anakufa mwaka 1856. Mke wa mtu huyo, miaka miwili baada ya kumzika, anaandika juu ya utii. Hapo pana insha. Usinimalizie na jibu, nipe ubishi.

Mwalimu, habari za Liyongo ni za nani? Nikiziandika upya nitashtakiwa?

Tenzi za kale hazina mwenye hakimiliki, Kenya na Tanzania sheria inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Mwana Kupona kafariki karne ya 19. Ila angalia usichokiangalia. Kitabu ulichosomea kina utangulizi, tafsiri na maelezo ya mhariri wa juzi juzi, hayo ni yake, usiyanyofoe ukayatia kwenye insha kama yako (nimeshaona, tena neno kwa neno na kosa la chapa likiwemo). Masimulizi ya mdomo ni jambo jingine, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi na inazungumzia idhini ya jamii husika, Tanzania nayo sheria yake ya hakimiliki ya 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi. Kwa hiyo kama mzee fulani kakukalisha barazani siku tatu akakusimulia, muombe ruhusa, muulize kama anataka jina lake litajwe, mpelekee kitabu kikitoka. Hata bila sheria hiyo ni adabu.

Nichape kopi ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri. Gharama ya kupanga kurasa na kutengeneza jalada ni ile ile uchape 100 au 1000, ndo maana kila kopi inashuka bei ukiongeza idadi, na ndo mtego wenyewe. Mi kitabu changu cha insha nilichapa 500 kwa tamaa ya bei, miaka minne baadaye nyingi bado ziko chini ya kitanda zinakula unyevu, na mpiga chapa alikuwa kabania gundi, ukikifungua ukurasa wa 40 unabaki nao mkononi. Anza na 100 au 150, faili litunze, zikiisha unachapa tena. Na ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, usiisahau, Kenya inatolewa na maktaba ya taifa, Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba.

Mbona kila siku Lamu, Pate, Mombasa? Mi si mtu wa pwani, naandika Kiswahili lakini ngano zangu ni za bibi yangu wa bara. Mimi sina urithi?

Umenibana na una haki, hapo juu nimejaza pwani tupu. Mshairi Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, alitunga mashairi ya Kiswahili kwa vina na mizani na pia akaandika kitabu cha mila na desturi za Wagogo. Mwandishi Euphrase Kezilahabi katoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, akaja na mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, wa pwani wakamrukia kwamba hayo si mashairi, ugomvi ule haujaisha mpaka leo. Na huko huko Ukerewe ndo alikuwepo Aniceti Kitereza, huyu ndo nakutaka umsome wewe kabla ya wote. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliimaliza 1945 kwa Kikerewe, habari ya mtu na mkewe waliokaa muda mrefu bila kujaliwa mtoto, na ndani yake kuna kilimo, dawa, pombe, matanga, namna ya kusalimia ukweni, kila kitu kwa utaratibu kama mtu asiye na haraka. Wa kuichapa kwa Kikerewe hakupatikana, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka Dar es Salaam 1980. Miaka 35 karatasi zinangoja. Yeye kafariki 1981.

Bibi yako yuko hai bado? Nitumie ngano moja, ile unayoona haina maana, kurasa mbili tu, na usinirekebishie lugha yake.